Uko Safi?

Zabuloni tumemzika Jumamosi, na mimi nilikwenda. Watu walishangaa kuniona, maana hapa Uvira kila mtu anajua kwamba alipopita Zabuloni mimi sikupita. Nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikaenda kukaa mbele kabisa pamoja na wafiwa, nikasikiliza. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema marehemu alikuwa shujaa tangu ujana wake, mtu aliyepigana wakati wa uasi bila kujua woga ni kitu gani. Nikacheka. Nilijifunika mdomo, mabega yakawa yanatikisika, na binti wa marehemu aliyekaa karibu nami akadhani ninalia. Akanipa leso yake. Niliipokea nikajifuta machozi, kwa sababu machozi kweli yalikuwepo. Baadaye wakaleta wali, maharage na ndakala, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, nikala sahani nzima, nikaomba nyingine. Nilikuwa na njaa nzuri siku hiyo.

Ninaandika haya sasa kwa sababu mtu pekee aliyeweza kunibishia yuko chini ya udongo, na ninataka neno la mwisho liwe langu. Nilikuja kuolewa tena, nikazaa, na wajukuu wangu wamezoea kumwambia bibi yao, "Koko, usamehe, iko myaka mingi." Miaka mingi haijanifanya kitu. Hasira yangu nimeitunza vizuri na bado inafanya kazi.

Mwaka ninaousema ni ule wa uasi, uhuru ukiwa bado mchanga. Nilikuwa mke wa Kashindi, tukikaa upande wa Kalundu karibu na bandari, katika nyumba ya vyumba viwili na stoo. Ilikuwa ya Mgiriki mmoja mfanyabiashara aliyevuka mpaka kwenda Usumbura wazungu wengi walipokimbia. Kashindi alikuwa amemfanyia kazi. Mgiriki alichukua redio, vitanda na mbwa wake, lakini lile dude la uani hakuweza kulibeba. Lilikuwa pipa kubwa la chuma lililolazwa juu ya miguu, ndani likiwa na wavu wa kulazia nyama na samaki. Ubavuni, chini kidogo, aliliunganishia sanduku la chuma lenye mlango, na moto ulikaa humo peke yake, mbali na nyama. Joto na moshi viliingia kwenye pipa upande mmoja, vikapita juu ya nyama, vikatokea kwenye bomba upande wa pili. Kwa sababu ya lile bomba watu wa Kalundu waliliita gari moshi. Watoto wakipita waliniuliza, "Mama, gari moshi inaenda wapi leo?" nami niliwajibu inakwenda Albertville, wapande haraka.

Moto wa gari moshi ulikuwa na adabu zake, na Kashindi alinifundisha kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mwanamume. Watu wetu walizoea kubanika samaki juu ya moto wowote, kuni mbichi, maganda, hata majani, mradi moshi uwe mwingi. Samaki akiwa mweusi walisema ameiva. Kashindi aliukataa moshi huo. Alitaka moto mdogo unaowaka kweli juu ya makaa mekundu, kuni za mwembe au mpera zilizochanjwa nyembamba na kukaa juani muda mrefu. Kila ukuni uliofuata uliwekwa kwanza juu ya sanduku upate joto, ili ukiingia ushike mara moja bila kufuka. Mlango wa sanduku uliachwa wazi kidogo na bomba wazi kabisa, maana ukitaka joto lipungue unapunguza kuni, hubani hewa. Mkaratusi ulikatazwa, kwa sababu nyama iliyopikwa nao inanuka dawa ya kikohozi. Alasiri, upepo wa ziwa ulipoanza, tulisimamisha bati mbele ya mlango ili moto usichochewe ovyo. Ukifanya hayo yote, kwenye bomba huoni moshi. Unaona hewa inayotetemeka, na ukiitazama mlima ukiwa nyuma yake, unaona rangi ya buluu kidogo sana. "Huu njo moto safi," Kashindi aliniambia. "Ukiona moshi mweupe, ujue mule ndani iko fujo." Jioni tulikaa kwenye ngazi za nyuma, tukila samaki aina ya mkeke aliyetoka kwenye wavu na ugali wa muhogo, mikono yetu ikinuka mwembe uliowaka.

Zabuloni alikula pamoja nasi mara nyingi. Alisoma na Kashindi, alisimama naye siku ya ndoa yetu, na kwa hiyo aliniita shemeji. Alikuwa mcheshi, mtu wa maneno matamu, mwenye tabia ya kuizunguka nyumba yetu akiigonga kuta kwa kidole kama mtu anayetaka kununua. Waasi walipouchukua mji alitoweka, kisha akarudi akiwa komanda wao, na ngozi ya mnyama kichwani na majina ya watu mdomoni. Jina la Kashindi lilikuwa miongoni mwao: alimfanyia kazi mzungu, anakaa nyumba ya mzungu, basi ni mtu wa mzungu. Walikuja asubuhi tukinywa chai. Zabuloni hakuingia. Alisimama barabarani akijifanya anatazama ziwa. Kashindi alimwita, "Zabu, ndugu yangu, uwaambie hawa bantu minye ni nani." Zabuloni akaendelea kutazama maji. Walimpeleka mume wangu upande wa kusini, na sikupewa hata mwili wa kuzika.

Hazikupita siku nyingi Zabuloni akahamia ndani. Aliitaka nyumba, na zaidi ya nyumba alilitaka gari moshi, maana wapiganaji wake walinyang'anya ng'ombe wa watu wa bonde la Rusizi na nyama ilikuwa inaoza. Mtu wa kulijua gari moshi nilikuwa nimebaki mimi. Nikahamishiwa stoo, chumba cha magunia kilichotenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao tu. Jioni ya kwanza nilipika sangala. Kwetu kichwa cha sangala ni cha mwanamume mwenye nyumba. Zabuloni alikaa kwenye kiti cha Kashindi, akavuta sahani, akakoroga mchuzi, akainua uso. "Shemeji, kichwa iko wapi?" Nilikuwa nimekificha chini ya sufuria. Nikaenda kukileta, nikakiweka mbele yake, nikasimama nikimtazama akinyonya macho ya samaki na kutema mifupa kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe. Hapo ndipo nilipoapa kwamba mtu huyu nitamlipa. Sikujua nitamfanya nini. Nilijua tu kwamba nitapika, nitaitika, nitatabasamu, mpaka nione mahali anapoumia.

Wapiganaji walikuwa na dawa yao. Dokta wao, mzee mwembamba aliyevaa kengele mguuni, aliwachanja kifuani na kuwanyunyizia maji, nao waliamini kwamba risasi zikiwafikia zitageuka maji. Lakini dawa hiyo ilikuwa na miiko. Mpiganaji asilale na mwanamke. Asitazame nyuma vitani. Na asile chakula kilichoshikwa na mwanamke aliye katika siku zake au mwenye mimba. Mwiko ukivunjwa, dawa inakufa. Kwa hiyo ugali wao ulipikwa na Mama Tereza, jirani yangu mzee ambaye mambo ya uzazi yalikwisha kumpita. Mimi dokta alinikubali kwa shida, kwa ajili ya gari moshi tu, na kila asubuhi kabla sijagusa kuni alisimama mbele yangu, watu wote wakisikia.

"Uko safi?"

"Niko safi."

"Mimba hauna?"

"Sina."

"Basi uwashe."

Mara ya kwanza nilipoona damu, kidogo tu, nikadhani ni siku zangu, nikasema ukweli, nikakaa stoo bila kutoka, na Mama Tereza akashika moto. Maskini, alifanya kama alivyozoea: akajaza sanduku kuni mbichi, akafunga mlango joto lisitoroke. Moshi mweupe ukapanda juu ya Kalundu. Nyama ikatoka nyeusi na chungu, wapiganaji wakaitema. Mbaya zaidi, ndege ya serikali iliyokuwa ikizunguka juu ya ziwa iliuona moshi, ikaja ikapiga risasi uani, ikatoboa mabati na kuua mbuzi. Kupitia upenyo wa mbao nilimwona Zabuloni, mtu mwenye chale mpya kifuani, amejikunja chini ya meza, magoti yamegusa kidevu. Ndege ilipokwenda akatoka, akapangusa suruali, akaja kwenye mlango wa stoo na sauti ya amri.

"Shemeji, moto iko kazi yako peke yako. Banaume bakule na ndege isione kitu. Hizi siku zako uzifupishe."

Kana kwamba siku zile hukatwa kwa panga. Nikamjibu ndiyo, Komanda, nitazifupisha.

Ule ukuta wa mbao ulinilisha kuliko chakula. Baada ya kula, Zabuloni alibaki sebuleni na dokta, na swali lake lilikuwa lilelile kila jioni, akilizungusha kwa maneno tofauti.

"Dokta, dawa iko na nguvu bado?"

"Iko, kama hauvunje muiko."

"Na muntu akivunja bila kujua?"

"Ujue, usijue, iko sawasawa. Dawa haiulizake."

Nilisikia kiti kikisogea. Nikatambua kwamba komanda anaogopa, na kwamba kati yake na woga wake kuna kitu kimoja tu, yale maji ya dokta. Jioni nyingine alikuwa na msaidizi wake, wamekunywa pombe ya ndizi, wakizungumza juu ya watu waliowapeleka upande wa kusini. Zabuloni akasema, "Kashindi alikuwa anaita jina langu tu. Zabu, Zabu. Nikawaambia bamalize mbio, anachosha masikio." Wakacheka wote wawili, na msaidizi akaomba chumvi. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi. Sikulia. Nilichota chumvi kwenye kibakuli, nikaipeleka, nikaiweka mezani, nikawaambia wale vizuri.

Mwezi uliofuata siku zangu hazikuja, na uliofuata pia, nikajua ile damu kidogo ya mwanzo ilikuwa imenidanganya. Aliyeona wa kwanza alikuwa Mama Tereza. Tulikuwa jikoni tunachambua lengalenga, akaongea bila kuinua kichwa.

"Mutoto yangu, huyu mwezi haukukaa stoo."

"Sikukaa, mama."

"Na ule mwezi ingine."

"Sikukaa."

Akaacha mboga. "Ni ya Kashindi?"

"Ya nani ingine?"

"Yezu Maria. Na hawa banaume hawaone?"

Hawakuona, na hilo linanichekesha hadi leo. Walikuwa na macho ya kuiona ndege ikiwa bado upande wa Burundi, lakini mwanamke ambaye haendi tena kukaa stoo waliona ni bahati yao. Nyama ilitoka kila siku, bomba halionyeshi kitu, na Zabuloni alinisifu mbele ya watu wake, "Shemeji yangu huyu hachoke." Dokta aliuliza kama kawaida, nikajibu kama kawaida bila kupepesa, naye akaridhika na kwenda zake akiiliza kengele yake. Walitaka nyama kuliko walivyotaka kufikiri.

Niliwaza moshi mweupe, ndiyo. Ilikuwa rahisi sana: kuni mbichi, mlango umefungwa, ndege inakuja, kwisha. Lakini ndege haichagui. Uani alikuwepo Mama Tereza, tumboni alikuwepo mwanangu, na kubwa zaidi, risasi ya ndege ingemuua Zabuloni kabla hajajua imetoka kwa nani. Nilitaka ajue. Nilitaka atembee na jambo hilo moyoni. Basi nikaendelea kuchanja kuni, kuzipasha joto, kupunguza na kuongeza, jicho langu likiwa kwenye bomba. Sijawahi kuwasha moto safi kama wa miezi ile. Nyama ilitoka nyekundu ya udongo, laini, tamu, na kipande kizuri kuliko vyote nilimwekea Zabuloni. Kabla ya kumpa nilikipapasa kwa mikono yote miwili.

Kisha ikaja habari kwamba askari wa serikali wanateremka bondeni, na wakubwa wake wakamwamuru Zabuloni aongoze watu kwenda kuwazuia karibu na Nyakabere. Asubuhi ya kuondoka uani kulijaa. Dokta alinyunyiza maji, wakaimba, wakapita mmoja mmoja kwenye gari moshi kuchukua nyama ya njiani. Zabuloni alikuja wa mwisho. Akasimama upande wa bomba, ambako watu waliona mgongo wake tu, akanyoosha mkono. Niliushika ule mkono, nikauingiza chini ya kitenge changu, nikaubandika tumboni. Tumbo lilikuwa bado dogo, gumu kidogo, na mwanamume hawezi kujua kitu kwa kulishika hivyo. Lakini alijaribu kuuvuta mkono, nami nikaukaza.

"Ni ya Kashindi," nikamwambia polepole. "Iko humu tangu mbele, kabla mumupeleke. Ile nyama yote ulikula, minye njo niliishika. Kila siku, shemeji."

Akanong'ona, "Unasema bongo, ni uongo."

"Basi uwaambie banaume yako. Uwaambie dawa yao imekufa, uone kama batatembea, na wakubwa yako batakufanya nini. Ao uniue hapa, bakuulize uliniua juu ya nini."

 Nyuma yake wapiganaji walianza kupiga kelele za safari, wakimwita. Nikamwachia mkono, nikamwekea humo nyama yake ndani ya jani la mgomba, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Safari njema, Komanda." Aliichukua kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Akatoka mbele ya watu wake akiwa ameishika ile nyama mbali na mwili, hajui aiweke wapi. Mama Tereza aliniuliza nimemwambia nini. Nilimjibu nimemuaga tu.

Waliorudi walinisimulia wenyewe. Risasi ya kwanza ilipolia, Zabuloni alitazama nyuma. Komanda, mbele ya wote, alitazama nyuma, akaona njia iko wazi, akakimbia, na watu wake walipomwona wakakimbia pia. Wengi waliponea hapo, na wake zao hawajui wamshukuru nani. Yeye alivuka mto Rusizi akaingia Burundi, akakaa huko miaka na miaka akiwa ni mtu wa kuchekwa, mpaka waliokuwa wanamcheka wakafa au wakahama, naye akarudi Uvira na mvi na Biblia. Sisi wa mjini tulipanda milimani askari walipoingia. Mwanangu alizaliwa huko juu, ndani ya kibanda cha wachungaji, mvua ikinyesha. Alikuwa wa kiume. Mama Tereza alimkata kitovu, nami nikampa jina la baba yake. Baridi ya kule haikumpa nafasi. Tulimzika kabla hatujateremka, na mahali pale sasa ni shamba la viazi la mtu.

Zabuloni alikuja kwangu mara moja tu, mchana, miaka si mingi iliyopita, akitembea kwa fimbo. Nilikuwa uani naanika ndakala. Sikumpa kiti, akabaki amesimama juani.

"Shemeji," akasema, "sikukuja kuomba musamaha. Najua hautanipa. Nakuja kuuliza kitu moja. Ile siku, kweli ulikuwa na mimba?"

Nilitandaza samaki. Akaendelea, maneno yakimtoka kwa shida.

"Maisha yangu yote nasema minye sikuogopa, ni dawa njo ilikufa. Bibi yangu wa ndoa nilimwambia vile, watoto vile. Lakini watu walishuka toka mulimani, na niliporudia sikuona mutoto. Hakuna mwenye alinisemea mutoto. Uniambie tu. Niko muzee."

Nilielewa alichokitaka. Ndiyo yangu ingemfanya mtu aliyeharibiwa na mwanamke, mtu ambaye ule woga haukuwa wake. Angekwenda nyumbani akalala. Jina la mwanangu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, jina ambalo tangu tumzike sikuwa nimelitaja mbele ya mtu wa nje. Nikageuza ndakala wangu waliokuwa wamekauka upande mmoja, nikamaliza safu nzima, ndipo nikamtazama.

"Hapana," nikamwambia. "Sikukuwa na kitu. Ilikuwa tumbo yangu tu. Weye ulikimbia."

Aliihamisha fimbo mkono wa pili. Kisha akageuka, akaondoka akiushika ukuta, na nilimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikaliita jina la mwanangu tena na tena, asije akafikiri nilikuwa nasema kweli.